Billy Boston: Winga wa Cardiff aliyevuka mpaka wa raga asirudi

KATIKA historia yote ya raga ya wachezaji 13, ni mtu mmoja tu aliyefunga trai nyingi kumzidi Billy Boston. Mwaustralia Brian Bevan alistaafu akiwa na trai 796. Boston anamfuata akiwa na 571, alizozifunga kwa muda wa chini ya miaka 18 akiwa winga wa kulia, mara nyingine senta, hususan katika klabu ya Wigan kaskazini mwa Uingereza.

Katika hizo 571, hamna hata moja aliyoifungia klabu ya Cardiff, wala timu ya taifa ya Wales ya raga ya wachezaji 15. Ilhali hayo mawili ndiyo aliyoyatamani tangu utotoni, na mwenyewe hakuwahi kulificha jambo hilo hata baada ya kuwa shujaa wa mji mwingine.

Ili kuelewa ni kwa nini kijana aliyezaliwa hatua chache kutoka uwanja mkuu wa Wales alilazimika kwenda kutafuta jina ugenini, hapana budi kwanza kueleza mpaka uliogawanya mchezo huu kwa miaka mia moja kamili.

Msomaji wa Kenya aliyezoea kwenda uwanja wa Ngong Road, Nairobi, anaijua raga ya yunioni, ile ya wachezaji 15, pamoja na tawi lake la wachezaji saba ambalo limeipa nchi hii sifa kubwa duniani. Raga ya ligi ni mchezo mwingine. Ilizaliwa Agosti 29, 1895 katika hoteli ya George mjini Huddersfield, pale klabu za kaskazini mwa Uingereza zilipojitenga na chama kikuu.

Ugomvi wenyewe ulihusu riziki. Wachezaji wa kaskazini wengi wao walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na vibarua wa viwanda vya nguo, nao walikatwa ujira kila walipokosa kazi siku ya Jumamosi kwa ajili ya mechi. Klabu zao zilitaka kuwafidia kwa shilingi sita za Kiingereza kwa siku. Wakuu wa chama, ambao wengi walikuwa watu wenye mali na elimu ya shule za kifahari, walishikilia kwamba raga ni mchezo wa ridhaa na senti moja haifai kuguswa. Ni rahisi kuukataa mshahara kwa mtu asiyeuhitaji.

Baada ya mtengano huo, ligi ilibadilisha sheria zake hatua kwa hatua. Mwaka 1906 idadi ya wachezaji ilipunguzwa kutoka 15 hadi 13. Mwenye mpira akiangushwa, wapinzani humwachilia, akainuka na kuusukuma mpira nyuma kwa mguu kwa mwenzake, badala ya pande zote mbili kuung'ang'ania chini. Enzi za Boston timu iliweza kuushikilia mpira bila kikomo. Ni mwaka 1966 ndipo kikomo cha kuangushwa mara nne kilipowekwa, kisha kikaongezwa kuwa mara sita. Trai nayo ilikuwa na thamani ya pointi tatu tu.

Adhabu ya kuvuka mpaka ilikuwa kali kupita kiasi. Mchezaji wa yunioni akitia saini mkataba wa ligi, au hata akicheza mechi ya majaribio tu, alipigwa marufuku ya maisha. Hakuruhusiwa kucheza, kufunza wala kushika wadhifa wowote katika yunioni. Palikuwa na klabu ambazo hazikumtaka hata katika ukumbi wao wa vinywaji. Jeshini pekee ndiko watu wa pande zote mbili walikoruhusiwa kucheza pamoja.

Nchini Wales marufuku hayo yalikata kama kisu. Huko raga ya yunioni haikuwa mchezo wa matajiri pekee; ilikuwa mchezo wa mabonde ya makaa ya mawe, wa wachimbaji na wafua chuma, na jezi nyekundu ya taifa ilienziwa kuliko kitu chochote. Hata hivyo mapenzi hayo hayakulisha watoto. Maskauti wa klabu za kaskazini walizoea kushuka Wales kwa siri wakiwa na fedha mkobani, na kila kizazi kilitoa watu wake. Jim Sullivan aliondoka Cardiff mwaka 1921 akiwa na miaka 17 tu akaenda Wigan. Gus Risman, mwana wa wahamiaji waliotoka himaya ya Urusi, alikwenda Salford mwaka 1929 na baadaye akaiongoza Great Britain katika ziara ya Australia ya 1946.

Boston alizaliwa Agosti 6, 1934 katika mtaa wa Angelina, Butetown, eneo la bandari ya Cardiff ambalo ulimwengu uliliita Tiger Bay. Babaye, John, alikuwa baharia kutoka Sierra Leone. Mamaye, Nellie, alikuwa mwenyeji wa Cardiff mwenye asili ya Ireland. Katika nyumba hiyo walilelewa watoto 11, naye alikuwa wa sita.

Mwenyeji wa Mombasa angeielewa Tiger Bay upesi. Meli zilizokuja kupakia makaa ya mawe ziliwaleta Wasomali, Wayemeni, watu wa Afrika Magharibi, Wamalta na Wanorway, wengi wao wakaoa hapo na kutulia. Mwimbaji Shirley Bassey alizaliwa katika eneo hilo hilo mwaka 1937. Watoto wa mchanganyiko huo walikua pamoja bila kujali nani ametoka wapi, ila ng'ambo ya reli na mifereji mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1919 makundi ya Wazungu yaliwashambulia watu weusi wa Cardiff na kuvunja nyumba zao, na kumbukumbu ya siku hizo haikufutika.

Raga ya mtaa ilikuwa na klabu yake, Cardiff Internationals, iliyoanzishwa mwaka 1946 na vijana wa bandarini waliotoka katika kila rangi na dini. Boston aliichezea akiwa kijana mdogo. Aliiwakilisha pia timu ya shule za Cardiff na ile ya vijana wa Wales. Kwa kila kipimo alikuwa njiani kuelekea klabu kubwa ya mji wake.

Klabu hiyo haikumwita. Ni Neath, mji ulio kilomita nyingi magharibi, uliompa mechi chache za kikosi cha wakubwa akiwa bado mvulana. Kisha akaitwa kutumikia jeshi kwa mujibu wa sheria ya wakati huo, akapelekwa kikosi cha mawasiliano kilichokuwa Catterick, Yorkshire. Huko hakuna aliyeweza kumshika. Katika fainali ya Kombe la Jeshi la 1953 dhidi ya Welsh Guards, alifunga trai sita.

Je, Cardiff ilimkataa kwa sababu ya rangi yake? Swali hilo limeulizwa kwa zaidi ya miaka 70, nalo halina jibu la karatasi. Ubaguzi wa aina hii haukuandikwa katika kumbukumbu za vikao. Ulitekelezwa kwa kunyamaza tu. Mtetezi wa klabu anaweza kusema kwamba kijana alikuwa na miaka 18, na kwamba pengine angeitwa baadaye. Lakini mtaa uliomzaa Boston ulitoa pia Johnny Freeman, aliyeifungia Halifax trai kwa mamia, na maeneo jirani yakamtoa Colin Dixon na Clive Sullivan. Wote walikuwa weusi, wote walivumia katika ligi, na hakuna aliyevaa jezi ya Cardiff. Ilibidi kungojea hadi miaka ya 1980 ndipo mchezaji mweusi aichezee Wales yunioni. Jambo likijirudia kiasi hicho haliwezi kuitwa sadfa.

Fauka ya hayo, Wigan haikusubiri. Ijumaa ya Machi 13, 1953, wakurugenzi wake walibisha hodi katika nyumba ya mtaa wa Angelina. Walitandaza mezani noti za paundi tano, jumla yake paundi 1,000. Boston hakutaka kuondoka, maana kutia saini kulimaanisha kuizika ndoto ya Wales moja kwa moja. Wageni wakaongeza dau. Hatimaye mamaye, kwa nia ya kuwafukuza kwa adabu, akawaambia kwamba mwanawe angetia saini kama wangetoa paundi 3,000. Alidhani hakuna mwenye akili timamu angekubali. Walikubali papo hapo.

Hizo zilikuwa fedha ambazo kibarua wa bandarini angezichuma kwa miaka kadhaa, tena katika nyumba yenye watoto 11. Nellie alikuwa amekwisha kutoa neno lake, na kijana akatia saini. Makubaliano yalifanywa kwa siri, lakini siri ya aina hiyo haikai. Akiwa na miaka 18 mlango wa yunioni ulifungwa nyuma yake.

Wigan wakati huo ulikuwa mji wa makaa ya mawe na viwanda vya pamba, na raga ya ligi ndiyo iliyokuwa fahari yake. Habari za kijana wa jeshini zilikuwa zimemtangulia. Alipochezeshwa kwa mara ya kwanza katika timu ya akiba, mechi ambayo kwa kawaida hutazamwa na watu wachache, zaidi ya mashabiki 8,000 walifika uwanja wa Central Park. Novemba 21, 1953 aliingia kikosi cha kwanza dhidi ya Barrow na kufunga trai.

Yaliyofuata hayana mfano. Baada ya mechi sita tu za kikosi cha kwanza, aliteuliwa katika timu ya Great Britain iliyozuru Australia na New Zealand mwaka 1954. Alikuwa na miaka 19, mdogo kuliko wote msafarani, na mchezaji wa kwanza asiye Mzungu kuchukuliwa katika ziara ya namna hiyo. Alicheza mechi 18 na kufunga trai 36, rekodi ya ziara. Katika mechi ya kwanza ya kimataifa dhidi ya New Zealand, uwanjani Carlaw Park mjini Auckland, peke yake alifunga nne.

Ikumbukwe kwamba muda mfupi tu kabla ya hapo, Cardiff haikuwa imemwona kuwa anafaa hata kwa mechi ya majaribio.

Uchezaji wake ulikuwa wa aina mbili katika mwili mmoja. Mwanzoni alikuwa mwembamba, mwenye mbio za kumpita mlinzi kwa nje na kuyumba kiunoni kwa ndani, mlinzi akabaki ameshika hewa. Kadiri miaka ilivyosonga alinenepa hadi kufikia takriban kilo 95, uzani ambao zama hizo ulikuwa wa mshambulizi wa mbele wala si wa winga. Hakupoteza mbio kwa kiwango hicho hicho. Aliyejaribu kumsimamisha karibu na mstari alijikuta ameburutwa naye hadi ndani. Katika ulinzi nako alikuwa na tabia ya kuuacha mstari wake na kumvamia mwenye mpira kwa bega kabla hajajua ampe nani. Mbinu ya hatari, ambayo makocha hawapendi kuifundisha, lakini iliwafanya wapinzani wengi wauache upande wa kulia wa Wigan.

Upande huo alicheza na Eric Ashton, senta mrefu mwenye mikono mitulivu aliyekuwa nahodha wa klabu. Ashton alijua kuchelewesha pasi hadi mlinzi ajitie kwake, ndipo amwachilie Boston nafasi ya yadi mbili. Yadi mbili zilimtosha. Mara mbili Boston alifunga trai saba katika mechi moja, dhidi ya Dewsbury mwaka 1955 na dhidi ya Salford mwaka 1962.

Wigan ilifika fainali ya Kombe la Challenge uwanjani Wembley mara sita akiwa kikosini. Iliwashinda Workington Town 13-9 mwaka 1958, Hull 30-13 mwaka 1959 na Hunslet 20-16 mwaka 1965. Ilishindwa mwaka 1961, 1963 na 1966. Ubingwa wa ligi ulipatikana mwaka 1960 kwa kuicharaza Wakefield Trinity 27-3 mbele ya watu 83,190 katika uwanja wa Odsal, Bradford. Siku hiyo Boston alihamishwa kucheza senta na akafunga trai mbili.

Lakini katikati ya ufanisi huo kuna mwaka mmoja usiopaswa kupitwa haraka. Mwaka 1957 Great Britain ilikwenda Australia kushiriki Kombe la Dunia. Waandalizi walikuwa wamepanga kwamba njiani kurejea, timu hiyo na ile ya Ufaransa zipitie Afrika Kusini na kucheza mechi tatu za maonyesho, kwa nia ya kuutangaza mchezo huko. Sheria za ubaguzi wa rangi hazikumruhusu Boston kucheza na wenzake weupe. Timu ilikwenda bila yeye. Alirudi Uingereza peke yake.

Hapa ndipo simulizi inayopendwa sana na watu wa ligi, ile ya kwamba mchezo wao uliwakumbatia wote waliokataliwa kwingine, inapopata doa. Ni kweli ligi ilimlipa Boston, ikamteua na kumshangilia. Ni kweli pia kwamba ilipotakiwa kuchagua kati yake na mechi tatu za kutafuta soko, ilichagua soko. Tena haikuwa mara ya kwanza. Roy Francis, mchezaji mweusi aliyekulia Brynmawr, Wales, aliachwa nje ya ziara ya Australia ya 1946, na inaaminika kwamba viongozi walihofia vizuizi vya rangi vya nchi hiyo. Francis huyo baadaye akawa kocha wa Hull na Leeds, mmoja wa makocha bora wa karne iliyopita, katika kipindi ambacho soka ya Uingereza ilikuwa haijafikiria jambo kama hilo.

Hata hivyo, kama Boston angebaki yunioni, mambo yasingekuwa bora. Ziara kuu ya timu ya Lions ya 1955, ile iliyopitia Nairobi ikielekea nyumbani na kucheza na timu ya Afrika Mashariki mwezi Septemba, ilikuwa ya Afrika Kusini. Winga mweusi, hata angekuwa bora kuliko wote visiwani, asingepanda ndege hiyo. Kwa hiyo alichopoteza Boston kwa kwenda Wigan kilikuwa jezi ya Wales ambayo huenda asingepewa, na ziara ambayo kwa hakika asingeruhusiwa. Hesabu hiyo haipunguzi uchungu wake. Inaonyesha tu jinsi nafasi aliyokuwa nayo ilivyokuwa finyu kila upande.

Kwa kinaya cha historia, mpinzani wake mkuu wa miaka iliyofuata alikuwa Mzungu wa Afrika Kusini. Tom van Vollenhoven, aliyekuwa winga wa Springboks, alijiunga na St Helens mwaka huo huo wa 1957. St Helens na Wigan ni miji jirani yenye utani wa jadi, na mabishano kuhusu nani kati ya mawinga hao wawili alikuwa bora yaliendelea katika baa za Lancashire kwa miongo. Walikutana Wembley mwaka 1961 mbele ya watu 94,672. Van Vollenhoven alifunga trai iliyobaki katika kumbukumbu za wengi na St Helens ikashinda 12-6.

Kimataifa, Boston aliichezea Great Britain mara 31 na kufunga trai 24. Alikuwemo katika kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 1960, na akarejea Australia na New Zealand mwaka 1962, ziara ambayo ilimpa trai nyingine 22. Aprili 1968 aliichezea Wigan kwa mara ya mwisho, akiacha rekodi ya trai 478 katika mechi 488. Alirudi uwanjani kwa muda mfupi na Blackpool Borough msimu wa 1969-70, kisha akatundika viatu. Kwa miaka mingi aliendesha baa ya Griffin, karibu na Central Park, na mashabiki waliotoka uwanjani walipita hapo kumsalimu.

Hakurejea kuishi Cardiff. Alimwoa Joan, binti wa Wigan, wakalea watoto watano katika mji huo.

Njia aliyoifungua ilipitwa na wengine. Clive Sullivan, aliyejiunga na Hull mwaka 1961, aliiongoza Great Britain kutwaa Kombe la Dunia la 1972 nchini Ufaransa, na ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo mkubwa. Alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 42. Barabara kuu ya kuingia Hull ina jina lake. Wakenya nao waliifikia njia hiyo baadaye. Edward Rombo, winga aliyevuma Nairobi, alikwenda kuichezea Leeds mapema miaka ya 1990, kisha Dewsbury.

Mpaka wenyewe ulibomoka Agosti 1995, miaka mia moja baada ya ule mkutano wa Huddersfield, yunioni ilipotangaza kuruhusu malipo. Aliyefaidika wa kwanza kwa umaarufu alikuwa Jonathan Davies, nahodha wa zamani wa Wales aliyehamia Widnes Januari 1989 kwa mkataba uliotangazwa kuwa rekodi. Davies alikuwa ameshinda mataji katika ligi, na Novemba 1995, akiwa na miaka 33, alirudi yunioni kuichezea klabu ya Cardiff, kisha akavaa tena jezi ya Wales. Scott Gibbs alirejea Swansea kutoka St Helens mwaka 1996 na mwaka uliofuata akawa nguzo ya Lions nchini Afrika Kusini. Mlango ambao kwa Boston ulifungwa kwa maisha, kwao ulizunguka kama wa hoteli.

Ulinganisho huo una funzo moja la kiufundi linalosahaulika. Yunioni ya leo, pamoja na safu zake za ulinzi zinazopanda kwa pamoja, mawinga wenye miili ya washambulizi wa mbele na pasi za kucheleweshwa hadi dakika ya mwisho, imekopa sana kutoka ligi. Watu waliofukuzwa kwa sababu ya fedha ndio waliotunza maarifa ambayo waliowafukuza walikuja kuyanunua kwa bei kubwa.

Heshima kwa Boston zilikuja kwa awamu. Aliingizwa katika orodha ya kwanza ya magwiji wa raga ya ligi mwaka 1988, na mwaka 1996 akatunukiwa nishani ya MBE. Uwanja wa Central Park ulifungwa mwaka 1999 na mahali pake pakajengwa duka kubwa. Mwaka 2015 sura yake iliwekwa miongoni mwa watano kwenye sanamu ya raga ya ligi iliyosimamishwa Wembley, na mwaka 2016 mji wa Wigan ukamzindulia sanamu yake mwenyewe, iliyogharimiwa kwa michango ya mashabiki. Mwaka huo huo madaktari waligundua kwamba alikuwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu.

Cardiff ilichelewa zaidi. Ni wakazi wa Butetown walioanzisha wito kwamba wana wao waliolazimika kwenda kaskazini wakumbukwe nyumbani. Umma ulipiga kura kuchagua kutoka majina 13, na Julai 19, 2023 sanamu ya Boston, Clive Sullivan na Gus Risman ilizinduliwa ukingoni mwa bandari, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Angelina. Boston, aliyekuwa akikaribia miaka 89, alihudhuria.

Juni 10, 2025 aliitwa kasri la Buckingham na Mfalme Charles akamtawaza kuwa Sir Billy Boston, hafla ambayo iliharakishwa kwa sababu ya afya yake. Katika miaka 130 ya raga ya ligi, mchezo uliojaa wana wa wachimbaji na mabaharia, hakuna mchezaji wake yeyote aliyekuwa amepewa cheo hicho kabla yake.